Kilima Kisichomo Ndani ya Kompyuta

Baba Mwende,

Binti yako amepuliza unga sasa hivi. Nilikuwa nautoa wadudu kwenye sinia, akainama, akavimbisha mashavu, fuu! Meza nzima nyeupe. Nilipomkaripia akanijibu, "Natengeneza mvua kama baba."

Sikumchapa. Ni wewe uliyemfundisha.

Unakumbuka, tulikuwa wageni hapa mjini, mtaa wa Jericho. Kompyuta ya ofisini kwenu, kwenye utabiri wa hewa, ilisema upepo wa chini kutoka baharini bado ni mnyonge, mvua itachelewa, ukamwambia mama yako kule kilimani asipande. Kwetu watu hupanda mavumbini, kabla ya tone la kwanza. Yeye akakusikiliza, akangoja. Mvua ikanyesha kilimani wiki hiyohiyo. Akaja huku na kiondo kitupu: "Mwanangu, hiyo mashine yako haijawahi kufika kwetu?"

Mimi nilicheka. Wewe ulichukua sinia, ukatandaza unga, ukachora miraba kama ya drafti.

"Mashine inaupa kila mraba upepo mmoja," ulisema. "Inahesabu huu, kisha wa jirani. Lakini miraba ni mikubwa. Kilima chetu kimesawazishwa, kimekuwa tambarare."

Ukaweka nusu kitunguu kwenye mraba wa kwetu, kiwe kilima, ukapuliza chinichini. Unga ukajazana mbele ya kitunguu. "Upepo wa bahari ukigonga kilima hupanda juu, ukawa mvua," ulisema. Mwende akapiga makofi.

Sasa uko ng'ambo, unajifunza kuchora miraba midogo. Mimi niliishia darasa la saba, lakini ile ya kitunguu niliielewa.

Redio imesema tena mvua itachelewa. Mama ana mbegu za kupanda mara moja tu. Akipanda na mvua ikakosa, ni chakula cha mchwa. Leo amemtuma binamu yako Musyoka aniulize mimi, maana mwenye mashine hayupo. Hapa mjini sina wa kumuuliza, basi nikamuuliza Musyoka mwenyewe.

"Mawingu yanagusa kilima?"

"Yanakilalia, shemeji."

"Na upepo?"

"Unatoka chini, upande wa bahari. Tangu juzi."

Nimempa chai akanywee nje, nipate kufikiri nikikuandikia. Huyo ananiita: "Shemeji, unaandika Biblia? Basi litaniacha!"

Nitamwambia Mama apande za kilimani kesho, za bondeni aziweke kwanza. Mvua ikikosa, anilaumu mimi, asiilaumu mashine yako. Lakini sidhani itakosa. Ukirudi nataka ukute mahindi yamempita Mwende kimo, na ukishaingiza kilima chetu kwenye ile miraba, uje umwambie Mama mwenyewe kwamba mashine yako sasa imefika kwetu.