Homa ya Mota ya Kisima

Jumatatu, 4 Novemba
Nimetia grisi mota ya kisima kabla ya kwenda kazini Mkoani. Kiasi tu, si kuishindilia kama wengine. Beringi kimya. Mota hii imeshaungua mara moja, ikasukwa waya upya Chake Chake. Ikiungua tena, basi. Na Ijumaa ni harusi ya mdogo wangu Asha; maji yote ya kupikia ni ya hapa. Mvua kutwa.

Jumanne, 5 Novemba
Nimerudi magharibi, swichi ya kinga imekata. Mota moto, mkono haukai. Mama, ambaye huiangalia mchana kwa ufunguo wa pili wa banda la kisima, anasema hajui kitu.

Jumatano, 6 Novemba
Mvua. Imekata tena. Nimepima umeme nyaya zote tatu: sawa. Pampu imekaa sawa. Nimenusa kama kuna waya ulioungua. Karafuu tu, na msimu huu hata mswaki unanukia karafuu. Shangazi wameanza kuuliza maji. Naona haya. Fundi mzima, nashindwa na mota moja!

Alhamisi, 7 Novemba
Nimetoroka kazini adhuhuri. Nikamkuta Mama bandani, kajikalia raha mustarehe, anageuza karafuu mbichi juu ya gunia alilolitandika kwenye mota. Gunia jingine kaliegemeza kwenye feni ya mota, matundu yote ya hewa yamezibwa. Mota ilikuwa haipumui.
"Jua hakuna, mwanangu. Joto lile lapotea bure, miye nkaona n'litumie."
Kumbe kila siku huziondoa kabla sijarudi. Nilikasirika sana. Nimemnyang'anya ufunguo, akaondoka na mvua ile. Nimechokoa kiganja kizima cha vikonyo kwenye feni. Nafsi inanisuta.

Ijumaa, 8 Novemba
Mota imefanya kazi tangu alfajiri. Vuguvugu tu. Maji hayakukatika, pilau imeiva, Asha kapendeza mno. Mama hakusema nami. Lakini kaniwekea ukoko, na ukoko huwa hampi mtu.

Jumapili, 10 Novemba
Jua limetoka. Karafuu ziko uani, juu ya majamvi. Nimemrudishia Mama ufunguo, nikapiga mstari wa chaki kuzunguka mota, gunia lisivuke hapo. 
Jioni nimepita bandani. Feni imefagiliwa. Mama kaweka kiganja juu ya mota, kama alivyokuwa akitupapasa vipaji vya nyuso tulipokuwa wadogo.
"Hana homa huyu," akasema, akafunga mlango.