Vanishi Haikauki

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Mafundi rangi wamefika asubuhi kutoka Kasulu, ngazi yao imefungwa juu ya gari, Noah. Wako wawili. Hamis ndiye mkubwa wao, kitambi kidogo, maneno mengi. Rigobert ni Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kibali mfukoni, mpole. Wametumwa na Felisiani, mwanangu wa Mwanza. Alinipigia jana tu: Baba, kesho utapata wageni, usiwafukuze. Ananijua!

Wanapaka nyumba nzima kwa nje, na baraza pia. Rangi kachagua yeye, kwa simu. Krimu juu, kahawia chini. Sikuulizwa. Marehemu Esteri alikuwa akipaka chokaa kila mwaka kabla ya Krismasi, mikono yake mwenyewe, na hakuna aliyemletea fundi. Lakini niseme kweli: tangu mke wangu aondoke, ukuta umekuwa kama uso wa mtu asiyenawa. Vumbi la barabara limepanda hadi madirishani.

Pelagia jirani kapita na kikapu. Eti, mutama, mzee mzima, unaoa? Nikamwambia ndiyo, nakuoa wewe. Kacheka mpaka kikapu akakitua chini.

Moyoni nimefurahi. Mtoto amenikumbuka.

Jumanne, 5 Agosti

Kutwa nzima wanakwangua. Chokaa ya Esteri inatoka vipande vipande, ya mwaka mmoja juu ya ya mwaka mwingine. Nilitaka kuingia ndani nisione. Nikabaki. Hamis anasema bila kukwangua, rangi haishiki, mvua ya kwanza tu inabanduka. Hana haraka. Sikutegemea.

Nimewapikia ugali wa muhogo na maharage. Rigobert kala, kanawa, kasema: "Aksanti, Papa. Chakula yako iko muzuri sana." Muda mrefu sijapikia mtu.

Jumatano, 6 Agosti

Upande wa barabarani umekwisha. Nimevuka ng'ambo nikasimama kuitazama. Nyumba ya mtu mwingine kabisa! Nzuri lakini. Nimeona aibu kidogo, kuipenda upesi namna ile.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo baraza. Kazi imekwama, na kosa ni langu.

Zile mbao za baraza ni za bodi ya lori nililokuwa naendesha. Shirika la wakimbizi lilipofunga kazi hapa Kibondo likauza magari mabovu, mimi dereva nikaomba bodi tu. Mninga mtupu. Nikajenga baraza mwenyewe, na kila kiangazi naipaka oil chafu ya gereji, vile vile tulivyokuwa tukipaka lori. Mchwa hawajaonja hata ubao mmoja.

Asubuhi Hamis kapiga msasa juu juu, kapaka vanishi. Ikang'aa! Saa sita inanata. Saa kumi inanata. Kagusa kwa kidole, kanusa.

"Mzee, hizi mbao umezipaka nini?"

"Oil chafu."

"Lini?"

"Kila mwaka. Hata mwezi uliopita."

Kakaa juu ya ndoo. "Mzee wangu, umetuua."

Rigobert akainama, akazipapasa. "Papa, hizi mbao zilisha kunywa mafuta. Hii haiko nyumba, iko gari."

Tumecheka sote watatu. Lakini ndio ukweli — nimestaafu, ila nyumba yangu naihudumia kama gari. Nani mwingine angefanya hivi? Dereva tu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, sikukuu ya wakulima. Hakuna kazi. Vanishi bado. Kuku wa Pelagia kapita juu yake, kaacha nyayo toka ngazini hadi mlangoni na unyoya mmoja. Mimi natumia mlango wa nyuma kama mwizi.

Jumamosi, 9 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Nilikuwa jikoni. Hamis yuko nje anaongea na Felisiani, simu kaiweka sauti ya juu kwa sababu mikono ina rangi. Anamweleza habari ya oil. Felisiani akasema basi ng'oeni mbao zote, mwageni zege, tena fanyeni haraka. Mpangaji anakuja Ijumaa kuona nyumba, na Baba nitamchukua siku hiyo hiyo.

Mpangaji!

Nilishika sufuria, sikujua naipeleka wapi. Kumbe siyo zawadi. Nyumba inavalishwa kwa ajili ya mtu mwingine, na mimi nimekuwa nikiwapikia wanaoivalisha.

Hamis kaingia kuomba maji. Kaniona usoni. Akauliza, mzee hukuambiwa? Maji nimempa.

Jumapili, 10 Agosti

Misa nimehudhuria, mahubiri sijasikia hata neno.

Baada ya misa nikampigia Felisiani. Nilijiandaa kufoka. Nikafoka kweli. Nikamwambia, unaniuza kama mbuzi? Aliniacha mpaka nikamaliza. Kisha akasema taratibu: Baba, mwezi wa pili ulianguka bafuni. Ukalala kwenye sakafu mpaka Mama Pelagia akaja kuomba chumvi. Angekuwa na chumvi siku ile, mimi ningekuja kuzika. Nikizima taa hapa Mwanza nakuona pale chini.

Nililala pale kweli. Niliita mpaka sauti ikakauka.

Anasema alitaka kuniambia ana kwa ana, akaogopa. Mpangaji ni dada wa shirika fulani la afya, mtu mstaarabu, atatunza. Kodi itanilisha. Chumba changu Mwanza kiko tayari, dirisha linatazama mwembe wa jirani. Mkwe amenunua shuka mpya. Hawa siyo watu wabaya! Ningependa wawe wabaya, ingekuwa rahisi.

Nimekaa kutwa nikiwaza zile mbao. Walikaa juu yake wakimbizi wa kambi ya Mtabila nilipokuwa nawarudisha Burundi. Magodoro, mabati, kuku, vikongwe. Wengine wakiimba. Wengine wakitazama nyuma mpaka mpakani. Kila safari mtu mmoja, akisikia jina la ukoo wangu, lazima aniulize kwa Kirundi: na wewe Manirambona, huji nyumbani? Nami nasema, nyumbani nimetoka asubuhi, jioni nitarudi. Walidhani natania.

Nilivuka kuja nchi hii mdogo, nimeshika kitenge cha mama. Hakuna aliyeniuliza. Leo nina uraia, nina kaburi la mke wangu hapa hapa nyuma ya kanisa, na bado natakiwa kubebwa. Nina hasira. Na nina hofu pia, maana usiku nikienda bafuni sasa nashika ukuta.

Jumatatu, 11 Agosti

Wamekuja na mtaimbo. Nikatoka nikasimama katikati ya baraza. Sikupanga, miguu tu.

Hamis kashusha mtaimbo. "Mzee Kipriani, mimi sina ugomvi na wewe. Aliyenituma ni kijana wako. Lakini nyumba ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi nitang'oaje baraza na mwenye nyumba kasimama juu yake? Ongeeni kwanza, nyie ni baba na mwana. Mimi nitapaka milango."

Heshima hiyo sikuitegemea kwake. Nikataka kushuka kwa fahari — wapi! Kandambili zimenata kwenye vanishi. Nimetoka peku, nimeziacha pale zimesimama kama kuna mtu ndani yake. Rigobert kageukia ukutani, mabega yanamtikisika. Hata mimi nimecheka, chumbani, mlango nimefunga.

Jumatano, 13 Agosti

Milango imekwisha. Kahawia. Felisiani hapigi simu, nami sipigi.

Pelagia kaleta ndizi. Nilidhani ataniambia baki. Kasema: nenda, mutama. Mimi ndiye niliyekukuta chini siku ile, wewe hukujiona. Halafu kalia. Kaniudhi, na kanigusa.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimefungasha sanduku. Nimefungua. Shati la kanisani nimelitundika tena msumarini.

Ijumaa, 15 Agosti

Asubuhi Hamis na Rigobert wameondoka na ngazi yao. Baraza wameiacha ilivyo. Hamis kasema: mwanao akitaka zege atanipigia, na wewe ukitaka mbao zako, nitakuja kuzikwangua mpaka mafuta yaishe, hata kama ni wiki. Rigobert kanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Papa, ubakie na Mungu." Wao wamekwenda. Nyumba kimya, inanukia upya.

Saa nane. Gari limesimama nje. Nimeliona kupitia pazia. Felisiani kashuka — kanenepa, ana mvi kidogo, mwanangu! Na dada mmoja, gauni la heshima, viatu kavivua, kavishika mkononi ili asiharibu vanishi. Wamezunguka nyumba. Wamesema kwa sauti ndogo. Sasa wako mlangoni.

Mimi niko mezani. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Dada kapiga hodi.

Mlango uko wazi nusu. Felisiani yuko nyuma yake, namwona. Angeweza kujibu yeye. Ana funguo mfukoni, tangu zamani, na mafundi ni wake, rangi ni yake. Kanyamaza. Kainamisha kichwa kama alivyokuwa akifanya mtoto, akingoja nimruhusu kuingia.

Anayekaribisha ndiye mwenye nyumba. Na nikishamkaribisha huyu dada, nimempa nyumba. Nisipomkaribisha, sijawahi maishani kumwacha mgeni mlangoni.

Hodi ya pili.

Felisiani ananiangalia. Macho yake mekundu.

Mdomo wangu umeshafunguka, na sijui unataka kusema nini