Ukweli Kuhusu Wale Kumi na Wanne

Nyumba ya Wazee ya Misheni,
Chumba cha juu ya stoo,
Jumapili alasiri, 9 Novemba.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Pokea na shikamoo ya pili, maana ya kwanza ni ya kawaida na hii nyingine ni ya mtoto anayeingia kwako kichwa chini. Hujambo lakini? Presha imeshuka? Dawa unameza kila siku, au unameza ile siku ya kwenda kliniki tu ili daktari asikugombeze? Na mzee wako, bado anabishana na redio kana kwamba inamsikia?

Mimi ni mzima wa afya. Nakula, nalala, homa sijaiona tangu nifike. Vidole tu vimechubuka kwa sabuni.

Shangazi, kaa kitako. Barua zangu tatu ulizisoma mbele ya akina mama wa kanisa, na uliniandikia kwamba mlipiga vigelegele mliposikia wazee kumi na wanne wameokoka kwa mahubiri yangu. Hakuna aliyeokoka. Sijahubiri hata siku moja. Kazi yangu huku ni kufua mashuka.

Nimeliandika hilo harakaharaka, kama mtu anayemeza mwarobaini. Sasa nikueleze taratibu.

Siku niliyofika, nikiwa na Biblia mbili na daftari la mahubiri, Matroni alinipokea mlangoni. Akanishika mkono, akasema, "Afadhali umekuja. Mfuaji wetu ameacha kazi. Utaweza kutusaidia?" Nikasema nitaweza, nikidhani ni kwa wiki moja. Huu ni mwezi wa sita. Ile lugha yao niliyojifunza kabla ya kuja, nikajiona msomi, kumbe inatosha kuomba chumvi mezani tu. Nani angenipa mimbari?

Mashuka ni arobaini kwa siku, ukiongeza na foronya. Mashine ziko mbili, moja inavuja. Yale yaliyochafuka sana nayaloweka kwenye karo la saruji na kuyasugua kwa mkono. Kamba za kuanikia ziko ua wa nyuma, katikati ya kuta mbili ndefu, na jua huingia mle saa tano, ikifika saa nane limekwenda zake. Ukichelewa, mashuka yanalala na unyevu. Mwenzangu ni mama mmoja wa kupiga pasi. Si mtu mbaya, ila maneno kwake ni kama meno, hataki yatoke. Tunaambiana "habari za asubuhi" na "pasi imepata moto," siku imekwisha.

Upweke, Shangazi, nilikuwa nausikia tu kwa watu. Nilidhani ni kukosa mtu wa kukaa naye, kumbe unaweza kuwa na watu sitini chini ya paa moja. Kanisani hapa nakaa benchi la nyuma, watu wananiitikia kwa kichwa, wanakwenda kwao kula. Hakuna anayejua kwamba huko nyumbani nikisimama kuomba watu wanainuka. Wakati fulani zilipita siku nne bila mtu kutaja jina langu. Siku ya tano nikajiita mwenyewe, nikiwa napiga mswaki, nione kama bado naitika.

Ndipo nikakaa kukuandikia ile barua ya kwanza. Nikakumbuka siku mliyoniaga, Mchungaji ameniwekea mikono, wewe unalia na huku unacheka. Ningeanzaje kuandika kwamba nafua? Nikaandika, "Wazee wawili wameguswa." Niliposoma jibu lako, nilijisikia mtu tena kwa siku tatu nzima. Barua ya pili wakawa watano. Ya tatu nikawafikisha kumi na wanne. Sikujali hata kuwahesabu, nilitaja tu.

Tangu hapo sala ikanigomea. Nikaona dawa ni kuongeza sauti. Nikawa naomba kulekule kwenye karo, juu ya kelele za mashine, kama vile tunavyoomba mkesha.

Sasa dirisha la chumba cha sita linatazama ule ua wa kamba. Mle alikuwa akikaa bibi mmoja ambaye ujana wake wote alifanya kazi ya kuunganisha simu, enzi zile mtu anapiga, anaitikiwa na opereta, ndipo anaunganishwa. Macho yamefifia, lakini masikio ni ya paka. Siku moja akanipigia kelele kutoka dirishani: "Wewe mfuaji! Mungu wako ana shida ya masikio?"

Nikakasirika. Nikamjibu kwa lugha yangu ya kuungaunga kwamba kwetu mimi najulikana kwa maombi.

"Ndiyo maana," akasema, akafunga dirisha.

Nilimchukia wiki nzima. Lakini ilinibidi kumpelekea mashuka, na kila nikienda alikuwa akigonga ukingo wa kitanda niketi. Yeye ndiye aliyenifundisha lugha. Alikuwa akinihadithia watu aliowaunganisha, waliogombana, waliochumbiana, waliopeana habari za misiba. Alisema katika miaka thelathini alijifunza kitu kimoja: mtu akizungumza na ampendaye hapandishi sauti. Nami nilimweleza habari zako, jinsi ulivyonichukua mama alipofariki, jinsi ulivyonifundisha kusoma kwa kutumia vitabu vya nyimbo. Hapo tu ndipo nilipokuwa nikijisikia nyumbani. Lakini habari ya barua sikumwambia.

Mwezi uliopita Mchungaji akaniletea ujumbe. Anaomba picha ya wale kumi na wanne, aibandike mlangoni pa kanisa. Ungetegemea hapo niseme ukweli, sivyo? Nikatafuta watu wa kupiga picha.

Alhamisi asubuhi nikamwomba dereva wa hapa, mwenye simu nzuri, anisaidie. Nikawapanga wazee kwenye mabenchi ya baraza. Wanaoweza kukaa wenyewe walikuwa kumi na wawili, nikawasukuma wawili kwa viti vya magurudumu ili hesabu itimie. Nikawapa kila mmoja kitabu cha nyimbo. Mmoja alikishika juu chini. Bibi wa chumba cha sita nilimweka mbele kabisa.

"Picha ya nini?" akauliza.

"Ya kumbukumbu tu, Bibi."

"Hebu rudia."

"Ya kumbukumbu."

"Sauti yako imepanda," akasema. "Ukinieleza habari za shangazi yako huwa haipandi. Picha ya nini, binti?"

Dereva alikuwa amekwisha inua simu. Shangazi, nikakaa palepale sakafuni mbele yao. Nikasema, "Niliandika nyumbani kwamba ninyi nyote mmeokoka kwa sababu yangu."

Yule mzee wa kitabu cha juu chini akasema, "Mimi niliokoka kabla mama yako hajazaliwa!" Baraza zima likaangua kicheko. Walicheka hadi wakakohoa, nami nikacheka nao, halafu kicheko kikageuka, nikalia kwa kwikwi kama mtoto aliyepotelea sokoni. Dereva akatia simu mfukoni, akaanza kuwarudisha wazee vyumbani, mmoja mmoja, bila kuniuliza neno.

Bibi alibaki. Hakunigombeza. Alisema, "Sisi si wa kuambiwa, mwanangu. Anayestahili kuambiwa yuko kwenu." Nikamwahidi nitakuandikia nikipata nafasi. Akasema nafasi haipatikani, inachukuliwa.

Jumamosi yake binti yake akaja na gari, akamchukua akakae naye mji mwingine. Mimi nilikuwa uani naanika. Niliambiwa wakati wa chakula na mama wa pasi: "Wa chumba cha sita ameondoka." Nilipanda ngazi mbilimbili. Nikakuta godoro tupu, na mashuka yake yamekusanywa sakafuni kwa ajili yangu. Hatukuagana. Anwani ya binti yake Matroni haruhusiwi kuitoa.

Hayakuwa machafu, lakini niliyafua kwa mkono. Nikaingiza mikono majini nikatafuta maneno ya kuomba, yale yangu mengi unayoyajua, nikakosa hata moja. Nikasema tu, "Niko hapa." Nikakaa kimya pale karoni mpaka maji yakapoa. Sikusikia sauti wala sikuona nuru, usije ukaongeza hapo ukisimulia. Ila nilijua nimesikika, na sikutamani mtu mwingine yeyote ajue.

Ndivyo ninavyoomba siku hizi. Upweke haujaondoka. Jana nimekula peke yangu nikitazama ukuta, na leo hivyohivyo. Lakini sijidanganyi tena, na nimeona kumbe kule kujidanganya ndiko kulikokuwa kukinifukuza hata mimi kutoka chumbani mwangu.

Jumatatu ile nilimwandikia Mchungaji kila kitu. Jibu lake limefika juzi, mistari mitano. Wazee wa kanisa watakaa kikao, huenda wakaniita nirudi. Hakuniita "dada" kama alivyozoea. Iliniuma, lakini nitamlaumu kwa lipi? Matroni naye nilimwambia. Akasema, "Mashuka hayajali uliandika nini. Kesho saa moja." Wakiniita nitarudi. Wakiniacha, nitamaliza miezi yangu sita iliyobaki hapa kwenye karo, na safari hii ni kwa kupenda.

Sasa ombi langu, na najua ni zito. Zile barua tatu ulizisoma kwa sauti. Na hii isome, mbele ya wale wale, bila kuruka mahali. Aibu itakupata na wewe, maana ni wewe uliyenibeba. Nisamehe kwa hilo kuliko yote. Lakini akivuliwa nguo, muungwana huchutama, na mimi nimeona nivue mwenyewe kabla ya kuvuliwa. Ukishindwa, sitakulaumu. Usiniandikie tu kwamba umesoma kama hukusoma. Tumekwisha kudanganyana vya kutosha, na wa kwanza nilikuwa mimi.

Nisalimie mzee wako, na umwambie huku redio nazo zina ubishi. Msalimie Mama Mdogo na mapacha wake, Baba Mkubwa, na yule binamu yangu Kijiko, kama ameoa au bado anachagua. Na akina mama wote wa kanisa, waliopiga vigelegele.

Mungu akupe afya, akupe na watu wa kula nawe meza moja kila siku. Mimi nitakusubiri, hata ukikaa muda mrefu bila kujibu.

Nikupendaye bila kuongeza wala kupunguza,
Binti wa kaka yako.