Maji ya Kulinganishia

Jumapili, 2 Novemba
Nimechemsha, nimechuja, nimesubiri. Kazi ya kila siku ya maabara, ila leo mzizi ni wa Mama. Marehemu Baba alikuwa akiuleta kutoka China, safari zake za biashara. Mama bado anaunywa kila asubuhi, kutoka akiba aliyoiacha. Tangu mwezi uliopita anameza pia vidonge vya kuzuia damu isigande. Mikono imejaa mavilio meusi, damu iliyovilia chini ya ngozi. Daktari kasema mzizi uachwe. Mama hasikii.

“Nambie kilichomo ndani, ntaacha.”

Haya. Nimepewa mtihani na mtu ambaye hata simu yake namfungulia mimi.

Jumanne, 4 Novemba
Maji ya mzizi nimeyapitisha kwenye mrija wa kioo uliojaa unga mweupe. Kila kilichomo hushuka kwa wakati wake. Nimekinga chupa kumi na moja.

Mama kaamka na vilio jipya, shingoni. Nimemgombeza. Nikajuta njia nzima, kutoka nyumbani Sib mpaka kazini.

Jumapili, 9 Novemba
Tone la kila chupa ndani ya damu ya majaribio, halafu nahesabu sekunde mpaka igande. Sita za mwanzo, hakuna kitu. Ya saba, damu haigandi. Nimerudia mara tatu. Ndicho hicho! Furaha na hofu pamoja.

Kasoro moja. Maji matupu ya kulinganishia, yasiyo na mzizi, niliyachukua nyumbani, katika kikombe kile kile Mama anachonywea mzizi. Yananukia ubani. Mama hukifukiza kabla ya kumimina. Mjinga mimi, nimesahau nyumba niliyozaliwa. Nimeandika “yamechafuka”, nikayamwaga, nikatumia mengine.

Jumanne, 11 Novemba
Nimemwonyesha Mama mchoro uliotolewa na mashine ya maabara. Mlima mmoja mrefu, chupa ya saba. Mama kautazama sana. Hakubisha.

“Haya, mwanangu. Basi asubuhi ntakunywa nini?”

Ndipo akanieleza. Baba ndiye aliyekuwa akimchemshia. Anafukiza kikombe, anamimina, anamletea kitandani. Kila siku aliyokuwapo. Uchungu wa mzizi wenyewe hajaupenda hata siku moja.

Nimelia ndani ya gari. Wiki nzima natafuta kilichomo, na sikumuuliza kwa nini anakunywa.

Ijumaa, 14 Novemba
Nimeamka kabla yake. Ubani kwenye chetezo, kikombe cha Mama nimekifudikiza juu ya moshi. Nikamimina maji ya moto, matupu. Kama yale niliyoyamwaga maabara. Nikampelekea kitandani.

Kanywa taratibu, kafumba macho. Kaomba cha pili.