Kilomita Sita na Mita Mia Nne za Uwandani

Jumatatu, 3 Machi

Nimenyang'anywa kilomita sita na mita mia nne. Leo, saa nne na dakika kumi asubuhi, kwa baruapepe ya mistari mitano.

Chama cha njia za watembeaji kimeamua. Njia ndefu haitapita tena kwenye uwanda wa heide, vile vichaka vifupi vya maua ya zambarau, kati ya kijiji chetu Zuidlo na Eldermond. Kuanzia Pasaka itafuata mfereji, juu ya lami ya baiskeli. Sababu: mwaka jana watembeaji kumi na mmoja walipotea uwandani, wakalalamika. "Tofauti ya urefu ni ndogo." Nami, mtunza alama wa kipande hiki kwa miaka kumi na tisa, naombwa – kwa heshima zote! – nizifute alama zangu kabla ya Jumamosi tarehe 15 kwisha. Baada ya hapo ndege wanataga, hakuna ruhusa ya kazi kule.

Alama 188. Mstari mweupe juu, mwekundu chini. Nizifunike moja moja kwa rangi ya gome. Yaani nichinjwe, na kisu nikinoe mimi.

Sifuti hata moja.

Jumanne, 4 Machi

Nimeupima mfereji kwa gurudumu. Kilomita 8 na mita 140. Tofauti "ndogo" ni mita 1,740, zote zimenyooka kama rula, upepo usoni, kengele za baiskeli mgongoni.

Nikampigia Wubbo, mratibu wetu. Tunafahamiana tangu 2006, mwaka nilipowaendea wakulima wanne, mmoja mmoja, kuomba watu wapite malangoni mwao. Wa mwisho alinikatalia mara tatu. Mara ya nne nilikwenda na ngazi na ndoo, nikamsafishia madirisha kwanza, kisha nikaomba. Njia ile haikushuka kutoka ofisini.

Wubbo akasema anauelewa uchungu wangu. Sikutaka auelewe. Nilitaka yale malalamiko kumi na moja. Akasema atayatuma.

Alhamisi, 6 Machi

Yamefika. Mjerumani mmoja alizunguka saa tatu nzima. Mtu na mkewe kutoka Utrecht wameandika kurasa mbili, hadi soksi zimetajwa.

Nikachora jedwali, kama ninavyofanya kwenye kampuni yangu ya kusafisha madirisha. Tarehe, saa, hali ya hewa, walikotoka. Matope hayahusiki: saba walipotea wakati wa ukame. Ukungu hauhusiki. Ila walikotoka – wote kumi na mmoja walikuwa wakija kutoka kaskazini. Wote. Hakuna hata mmoja aliyeanzia upande wangu.

Siipendi namba hii.

Jumamosi, 8 Machi

Basi la saa mbili na robo hadi Eldermond. Nikashuka, nikaelekea kusini kwa miguu. Kwa mara ya kwanza. Naiandika niione: mara ya kwanza. Mara nne kwa mwaka, miaka kumi na tisa, ni mara 76 – na zote nimetoka nyumbani kwa miguu, nikarudi kwa basi, kwa kuwa saa za basi zinanifaa hivyo. Alama za wanaokuja kusini nilizipaka kwa kugeuza shingo.

Kilomita mbili za mwanzo, sawa. Kisha nikatoka kwenye misonobari, pale njia tatu za mchanga zinapokutana. Hakuna alama. Uwanda ule ni tambarare kama meza. Ukiutazama kinyume, kila kitu kinafanana. Nikajiambia, mama wee, hapa ni kwako, nenda. Nikashika ya kushoto. Mita 900, nikatokea kwenye zizi la kondoo.

Geertje, yule binti mchungaji, alikuwa ameegemea lango anakula mkate. Akanitazama toka viatu hadi kofia.

"Shangazi Roelfien. Hata wewe?"

Nikamwambia nakagua.

"Unakagua zizi langu? Haya, karibu. Wenzio huwa nawapa maji kwanza, ndipo nawaonyesha njia."

Akasema mwaka jana aliwahesabu thelathini na kitu. Kumi na mmoja ni wale tu wenye hasira za kuandika. Nikamwuliza mbona hakuniambia. Alimaliza kutafuna.

"Nilikwambia, shangazi. Mwezi wa kumi, hapa hapa. Ukasema hawajui kusoma alama."

Kweli nilisema.

Jumapili, 9 Machi

Nimerudi pale penye njia tatu. Alama ipo, lakini iko ubavuni mwa msonobari mnene. Anayetoka kaskazini haioni mpaka aupite mti hatua kumi na mbili na ageuke. Nani hugeuka? Dirisha hulisafishi upande mmoja ukadai ujira. Nimewafunza hivyo wafanyakazi tisa.

Nimeagizwa kufuta. Nimeongeza tatu. Sasa ni 191.

Jumatano, 12 Machi

Nimemwambia Wubbo yote. Ilinichukua siku tatu kuinua simu.

Akasema: "Basi kamati ilikuwa sahihi, mwenzangu."

"Sahihi kuhusu mimi. Si kuhusu uwanda. Kosa ni la rangi, halikuwa la njia."

Akasema nguzo za alama za njia ya mfereji zimekwisha agizwa. Akasema hoja yangu italetwa kwenye kikao cha Aprili. Aprili! Nikamwuliza Jumamosi je. Akasema kama sitafuta mimi, itabidi aje yeye na kopo la rangi. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionikera.

Ijumaa, 14 Machi

Sikulala vizuri, lakini nimepata wazo.

Nimempigia asubuhi. Aje kesho na kopo lake, sawa. Ila apande basi la saa mbili na robo, ashukie Eldermond, aje kusini kwa miguu. Bila ramani, bila simu. Hajawahi kuipita njia ile, nimemwuliza, amekiri. Akipotea hata mara moja, nitazifuta zote 191 kwa mkono wangu, mbele yake, na sitamnunia. Asipopotea, uwanda unabaki kwenye njia, na kamati ataiambia yeye.

Akacheka kidogo. Akasema, tutaangalia.

Miaka kumi na tisa nimeisikia hiyo tutaangalia. Si ndiyo, si hapana. Ni mlango ulioachwa wazi ili baridi iingie. Mchana nikamwandikia, maneno machache, asije akasema hakuelewa:

Wubbo. Utatembea, au hutatembea? Nataka neno moja kabla ya saa moja kesho asubuhi.