Shali Aliyozikwa Nayo Mama

Mdogo wangu Agatina,

Joto la hapa mjini Modica mwaka huu si mchezo. Mimi bado nakaa mlangoni mwa kanisa na kapu langu la mitandio, nawafunika wageni mabega. Jana mzee mmoja kaja na kaptura. Nikamfunga mtandio kiunoni, akatembea kwa madaha kama bibi harusi.

Mkamwana wako Loredana alifika salama, na gauni lisilo na mikono. Nikamwambia, "Mwanangu, hapa si ufukweni!"

Akacheka. "Usinigombeze, mama mkubwa! Mama mkwe alinionya juu yako, akaniazima hii." Akajitanda shali nyeusi.

Agatina, nilishika mlango nisianguke. Pembeni ina uzi mwekundu, nilioshonea mwenyewe siku uzi mweusi uliponiishia. Wewe ndiye uliyemvika Mama. Ulitutoa sote chumbani, ukafunga jeneza upesi, eti joto, ukasema, "Nimemfunika vizuri na shali yake."

Mama huyu huyu aliyewahi kumrudisha bibi harusi mlangoni mwa kanisa akajisitiri mabega!

Basi niambie, mdogo wangu: umempeleka mbele za Mungu mabega wazi?

Dada yako, ambaye bado ameshika mlango,
Crocifissa