Mama Yetu Jedidah, Aliyechunguzwa Bila Kutibiwa

Mwaka umetimia, Mama, tangu moyo wako usimame katika wodi ile ya Meru, wiki chache baada ya upasuaji ambao wewe mwenyewe ulituambia tusiuogope. Mimi Winfred, kifungua mimba wako, ndiye ninayeandika kwa niaba ya nyumba yote. Nilitaka kuandika kwa upole. Ukali ukizidi, usimlaumu Baba.

Tunaikumbuka kazi yako. Ulichuma chai Kibugu tangu ulipoolewa, majani mawili na chipukizi, na ole wake aliyetia jani gumu kwenye kikapu chako. Ulilitupa bila kusema kitu, kisha ukamwangalia mtu mpaka akacheka mwenyewe. Na mgeni hakuondoka kwako bila kunywa chai, hata yule uliyejua amekuja kusikiliza ya nyumbani akayapeleke kwingine.

Tunakumbuka pia ulivyoanza kubadilika. Ulivaa sweta mbili jua likiwaka. Uso ulivimba, ukawa unasinzia ukimenya viazi, na sauti yako ya kwaya ikawa nzito hadi ukahamia upande wa wanaume, ukajiita besi mpya wa kanisa. Tulicheka sana. Kwamba vali ya moyo ilikuwa mbovu tulijua, kwa hivyo uchovu wote tuliutupia moyo. Baridi tuliitupia Kibugu, maana huku karibu na msitu ni nani hasikii baridi? Hata daktari uliyemtajia kule Meru alikwambia watu wa majani chai wote hulalamika hivyo, nawe ukamwomba msamaha kwa kumsumbua.

Kisha wakaja wale wa utafiti. Walitaka damu ya watu wanaosubiri kupasuliwa moyo, ili waichunguze tezi ya shingoni, ile wanayoiita thairoidi. Ulifurahi. Ulidhani anayekutoa damu mara nyingi ndiye anayekutibu zaidi. Kila walipokuita uliwabebea nduma za kuchemsha, na ukamshawishi hata Faadumo, yule mama mfanyabiashara wa Maua aliyelala kitanda cha pili, naye akubali. Ulimwambia hao ni watoto wazuri, wana adabu. Adabu walikuwa nayo kweli, Mama. Walikula nduma zako na kusema asante.

Mwezi uliopita walifika nyumbani. Daktari Thuranira, mkubwa wao, alileta picha yako kwenye fremu iliyoandikwa "Shujaa wa Utafiti". Alitaka tukae viti vya mbele katika hoteli moja ya Meru wakitangaza matokeo ya kwanza. Akatueleza kwa furaha kwamba wagonjwa ambao tezi hiyo imelegea hupona vibaya baada ya upasuaji wa moyo. Kidonda hukataa kufunga, maji hujaa mwilini, wengine huamka nusu nusu. Tukatazamana. Alikuwa anakusimulia wewe.

Mdogo wangu Gichovi, ambaye unajua hana maneno mengi, akamuuliza kama yako ilikuwa imelegea. Sana, akasema, damu ya kwanza kabisa ilionyesha, na kulegea huko ndiko huleta baridi, uso kuvimba na sauti nzito. Dawa ipo? Ipo, kidonge kidogo cha kila asubuhi, hata Embu mjini kinauzwa. Basi kwa nini hukupewa? Hapo akatabasamu kama mwalimu aliyeulizwa swali rahisi.

"Tungempea, hatungeona kitu tulikuwa tunatafuta," alisema.

Nilitoka nje, Mama, nikatapika. Si maneno ya kupamba, nilitapika kweli, nimeshikilia ukuta wa jikoni. Mpaka leo nikimkumbuka mtu yule akipuliza chai ya nyumbani kwako ipoe, kinyaa kinanirudi. Walijua. Walikupigia simu urudi, wakakutoa damu nyingine, wakajua tena, wakakuaga vizuri.

Niliporudi ndani, Gichovi alikuwa anauliza kuhusu wale wanaosubiri kupasuliwa. Utafiti bado unaendelea, Daktari alijibu, nao pia hawaambiwi. Faadumo, ambaye tangu wakati wako alikuwa bado kwenye foleni, alikuwa amepangiwa kupasuliwa wiki iliyofuata.

Baba hakupaza sauti. Alinigeukia tu.

"Winnie, toa hizo vikombe."

Vilikuwa bado vina chai. Nilivikusanya kimoja kimoja, hata kile alichokuwa amekishika Daktari, nao wakainuka. Fremu tuliwarudishia, picha tukabaki nayo.

Gari lao halijafika barabara ya lami, Gichovi alishampigia Faadumo. Mwanzoni alisita, akasema ni Mama Winnie aliyemwambia hao ni watu wazuri. Gichovi akamjibu kwamba anampigia kwa sababu ya huyo huyo Mama Winnie. Kesho yake Faadumo alikwenda na kaka yake Abdiwahab, wakaketi mlangoni pa ofisi ya watafiti wakikataa kuondoka bila majibu. Tezi yake pia ilikuwa imelegea. Upasuaji umeahirishwa, na sasa anameza kidonge chake kila asubuhi.

Juzi Daktari Thuranira alinipigia. Wagonjwa wengine nao wanadai majibu yao, na alilalamika kwa uchungu kwamba familia yetu imemharibia utafiti. Nilimwambia nashukuru kusikia hivyo.

Hotelini hatutakwenda, na jina lako tumewakataza kulitaja. Jumamosi tutakuwa kwenye ibada yako hapa Kibugu, kisha nyumbani. Na wewe unayesoma tangazo hili, kama kuna mtu aliyewahi kukutoa damu akaondoka nayo, nenda ukamuulize ilisema nini.

Wanaokukumbuka ni mume wako Salesio, watoto wako Winfred na Gichovi, dada yako Nelius, wajukuu wako wote, na Faadumo wa Maua, ambaye Jumamosi atakuja mwenyewe, kwa miguu yake.

Hatutakusahau, Mama. Na wale waliokuangalia tu, tutahakikisha nao hawatakusahau.